Kitufe cha "Nimemeza" Hakimezi Kidonge

Mtoto mwenye saratani ya damu aina ya limfoblasti hamalizi tiba siku anapotoka wodini. Sehemu ndefu kuliko zote inamsubiri nyumbani: vidonge vya merkaptopurini kila siku, kwa mwaka na zaidi, wakati nywele zimeshaota upya, anacheza, na kwa macho ya kila mtu amepona. Si rahisi kumshawishi mtu anayeruka kamba kwamba bado ni mgonjwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012, ambamo chupa za dawa ziliwekewa vifuniko vya kielektroniki vinavyonasa kila zinapofunguliwa, ulionyesha kuwa kwa watoto waliomeza chini ya asilimia 95 ya dozi, hatari ya ugonjwa kurudi ilipanda zaidi ya maradufu. Asilimia 95 inasikika kama kiwango chenye nafasi ya kupumua, mpaka upige hesabu: ukikosa siku 2 katika mwezi, umeshateleza chini ya mstari.

Programu za simu za kukumbusha dawa zimeingia kwenye pengo hilo, na sioni sababu ya kuzibeza. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, wala si kengele. Ni daftari. Dozi ya merkaptopurini hupandishwa na kushushwa kufuatana na vipimo vya damu, kwa hiyo karatasi iliyobandikwa ukutani mwezi uliopita inaweza kuwa imepitwa leo. Tena mtoto mgonjwa mara nyingi halelewi na mtu mmoja: asubuhi yuko na mama, jioni na bibi, mwisho wa wiki na baba. Programu inayomwonyesha kila mlezi kwamba dozi ya leo ni vidonge vingapi, na kwamba imeshatolewa saa 2 usiku, inazuia dozi kurukwa na pia kurudiwa. Kurudia, kwa dawa ya saratani, si jambo dogo.

Kengele, kwa upande wake, inatibu kusahau, basi. Na wako watoto wengi ambao hawajasahau chochote. Wanakataa, wanatapika, wanaficha kidonge chini ya godoro, wamechoka tu. Kwa miaka mingi watoto wadogo wanaoishi na VVU walinyweshwa dawa ya maji ya lopinaviri na ritonaviri, chungu mno, yenye alkoholi kiasi cha asilimia 42. Mlezi hakuhitaji simu ya kumkumbusha saa ya vita hiyo. Kilicholeta nafuu ni dawa yenyewe kubadilika, vilipokuja vidonge vya dolutegraviri vya kuyeyusha kwenye maji, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2020. Kwa kijana aliyekwisha kukua tatizo ni jingine kabisa. Simu inayolia saa ile ile kila siku mbele ya wenzake ni kama mpiga mbiu, hasa pale ugonjwa unapokuwa siri, na ataizima siku ya pili.

Halafu kuna kile kitufe. Programu nyingi zinamtaka mtoto au mzazi abonyeze "nimemeza", na daktari anaona safu ya alama za kijani. Lakini kubonyeza ni kauli tu. Mwaka 2017 watafiti walilinganisha maelezo ya wagonjwa wanaotumia merkaptopurini na kumbukumbu za vifuniko vya chupa, wakakuta walio wengi, angalau kwa baadhi ya nyakati, walitaja dozi nyingi kuliko chupa zilivyofunguliwa. Waliokuwa wakiruka dawa ndio waliokuwa wepesi zaidi wa kuzidisha. (Kifuniko nacho hakioni koo, lakini angalau hakioni aibu.) Alama ya kijani ya uongo ina hatari yake: daktari akiona damu haiitikii dawa, atadhani dozi ni ndogo, aipandishe.

Je, teknolojia hizi zinafanya kazi? Majibu ya utafiti hayampi raha shabiki wala mpinzani. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2020 liliwatumia watoto wenye saratani hiyo na walezi wao ujumbe wa simu kila siku, mlezi akisimamia umezaji. Kwa jumla halikuonyesha tofauti ya maana. Waliofaidika, uchambuzi ulipoingia ndani zaidi, ni wenye umri wa miaka 12 na kuendelea, hasa waliokuwa wakikosa dozi tangu mwanzo. Yaani kelele ile ile kwa kila mtoto ni kumwagilia shamba lililokwisha kulowa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa watu wazima, na najua mtoto si mtu mzima mdogo. Katika jaribio la Kenya lililochapishwa mwaka 2010, wagonjwa wa VVU waliulizwa kwa ujumbe mfupi, mara moja tu kwa wiki, "Mambo?" Walijibu "Sawa" au "Shida". Aliyesema shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Walizingatia dawa vizuri kuliko wenzao. Mwaka uliofuata, jaribio jingine la huko huko lilionyesha kuwa ujumbe wa kila wiki ulisaidia, wa kila siku haukusaidia. Na mwaka 2018, vijana waliopandikizwa figo nchini Kanada na Marekani walizingatia dawa vizuri zaidi walipopewa kisanduku cha kielektroniki pamoja na vikao na mshauri. Pamoja na mshauri: hapo ndipo watengenezaji wengi wanapokwepa, kwa kuwa programu hulipiwa mara moja, mshauri hulipwa kila mwezi.

Suala la siri ninaligusa kwa ufupi, ingawa linaniudhi. Wachunguzi walipopima programu 24 za dawa mwaka 2019, 19 zilikuwa zikipeleka taarifa za watumiaji kwa wengine. Mtoto wa miaka 6 hajaulizwa kama anataka kampuni asiyoijua ikumbuke saratani yake atakapokuwa na miaka 25 na kuomba bima.

Mzazi anayeonyeshwa programu mpya kliniki hana haja ya kuanza na rangi zake wala zawadi za nyota anazopewa mtoto. Aulize kwanza: mwanangu akikosa dozi tatu mfululizo, ni simu ya nani itakayolia?