Mzee Aliyesalimiana na Flaski

Meseji zenu nimeziona. Naam, huyo mwenye kidole ndani ya chupa ni mimi. La, haikuwa chupa ya asali. Swahiba wangu, mwalimu wa fizikia, Mungu amlipe anachostahili, ameshawatangazia watu mpaka Likoni kwamba nimenaswa nikilamba asali ya maabara. Tangu lini maabara ikawekwa asali? Tulieni niwape yenyewe, kidole kingali chekundu.

Nilikuwa na kidato cha tatu, kipindi changu cha kemia, tukeneke mafuta ya karafuu. Flaski, ile chupa ya kioo ya maabara yenye shingo na tumbo, nilikuwa ndiyo kwanza naitoa kwenye oveni ya kukaushia, ina ujotojoto bado. Vyombo vilitaka kuunganishwa tu tuwashe moto, ila mimi na mdomo wangu tena. Nikaanza kuhadithia habari za vioo na grisi inayopakwa vinapoungana, na vile hakuna aliyenikatiza, nikafika hadi Ufaransa.

Nikawaambia kuna Mfaransa, Jacques Séjournet, ambaye miaka ya 1940 alifanya kioo kikawa ndicho mafuta ya kulainishia. Ukitaka kusukuma feleji ipite kwenye tundu la kalibu, sharti uipashe moto kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, na hapo mafuta mengi ya kawaida huishia moshi. Basi pande la feleji likiwa jekundu hivyo huviringishwa juu ya unga wa kioo. Unga unayeyuka, unakuwa uji mzito uliolivaa lile pande mwili mzima. Mdomoni mwa kalibu huwekwa kisahani cha kioo nacho, kiyeyuke taratibu. Likisukumwa, linatoka refu kama tambi kwenye mashine ya bibi, na kalibu haikwaruzwi, wala joto haliivamii lote kwa pamoja.

Darasa kimya. Nikavimba kichwa. Kumbe kitakachovimba hasa ni kingine.

Binti mmoja wa mbele, yule wa maswali, akaniuliza: "Mwalimu, na sisi hapa grisi tunapaka wapi?" Jibu ni rahisi: unapaka dume, yaani kile kiungo kinachoingia, grisi kidogo sana upande wa juu, halafu unalizungusha ndani ya jike mpaka kioo cha ukungu kiwe angavu. Wavulana kusikia dume na jike, vicheko. Ili kuwanyamazisha nikachota grisi kwa kidole cha shahada, mkono wa kulia, nikakitia kwenye shingo ya flaski. "Tazameni inavyoteleza!"

Wakatazama. Kiliteleza mpaka mwisho.

Shingo yenyewe imeandikwa 19/26, yaani upana wa karibu milimita 19 kwa urefu wa 26. Mdomoni hasa ina upana wa milimita 18.8, na kila ukiingia milimita 10 upana unapungua milimita 1. Kuingia, grisi inakusindikiza. Kutoka, ngozi inajikunja nyuma ya kifundo na grisi haina msaada tena. Juu ya hayo, nilikuwa nimeiziba flaski barabara, hewa yake ya moto ndani. Hewa ikaanza kupoa, ikasinyaa, ikanivuta. Mliowahi kuumikwa mnajua. Sipigi chuku, jamani, chuku ndiyo iliyonipiga mimi.

Mtoto mmoja akakimbilia kantini akaleta barafu. Nikamshukuru, nikaizungushia flaski yote. Mwalimu wa kemia huyo! Hewa ikazidi kusinyaa, kidole kikazidi kunyonywa. Kuivunja siwezi, vigae vya kioo na kidole mle ndani, nani atakayejaribu? Swahiba alikuwa keshafika mlangoni. Alitoa simu kabla hajatoa pole.

Na hapo ndipo mlango ukafunguka wote.

Mwalimu mkuu. Nyuma yake mzee wa bodi, kanzu imepigwa pasi ikasimama, kofia ya vito, bakora mkononi. Darasa zima likainuka: "Shikamoo!" Mzee akaitikia, akaja moja kwa moja kwangu, taratibu, kila hatua na bakora yake, tok, tok. Akahamishia bakora kushoto. Akanyoosha mkono wa kulia.

Nyie mliolelewa Mombasa niambieni, ningefanyaje? Nimpe mzee kama yule mkono wa kushoto? Mbele ya watoto wa watu? Mamangu angepata habari kabla ya adhuhuri. Nikaangalia mkono wake. Nikaangalia flaski. Ule mkono ulikuwa hewani bado, unangoja.

Nikampa flaski.

Mzee macho yake si ya kuaminika sana. Akaipokea vizuri, kwa mikono miwili, akaitikisa kwa heshima zote. Maji ya barafu yakamtiririka kwenye mkono wa kanzu. "U mzima, mwanangu? Mbona mkono baridi hivi?" Nikasema nashukuru, mzee, ni mzima. Hakuiachia. Akaipapasa tumbo. Akainama polepole, akachungulia, akakiona kidole changu mle ndani, chekundu, kimeelekezwa kwake. Wakatazamana.

Akamgeukia mwalimu mkuu. "Hii ndiyo sayansi mnayoombea pesa?"

Yaliyobaki ni ya haraka. Nikaamriwa niende zahanati, na mkono niuweke juu ili uvimbe upungue. Jaribuni kusimama kando ya barabara Kisauni mkono juu: kila tuktuk ilisimama. Karibu na Kongowea muuza kahawa akaniita, akaitazama flaski, akasema kilichofungwa kwa baridi hufunguliwa kwa moto. Akanibananisha tumbo la flaski na dele lake lililo juu ya makaa, mimi nikivuta. Hewa ikatanuka, kidole kikatoka na mlio ambao sitaueleza hapa. Flaski nzima. Zahanati sikufika.

Na leo asubuhi mwalimu mkuu ameniletea salamu. Mzee jino linamsumbua, anaulizia yale mafuta ya karafuu kama yalipatikana. Ila ameomba apelekewe na mtu mwingine.