Mafuta ya jua hayakagui ngozi

Kila Juni 13, siku ya kimataifa ya ualbino, maboksi ya mafuta ya kukinga jua hugawiwa na watu hupigwa picha. Anayesema sehemu kubwa ya fedha za mafuta hayo iende kwenye kliniki za ngozi na nguo ndefu huonekana ana roho mbaya. Mimi naona watu hawamwelewi.

Wanaotetea mafuta wana hoja nzito. Utafiti wa Nambour, Australia, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kuwa kupaka kila siku kulipunguza saratani ya skwamasi, inayoanzia kwenye seli za tabaka la juu la ngozi, kwa karibu asilimia 40, na hiyo ndiyo saratani ya ngozi inayowaandama zaidi ndugu zetu wenye ualbino. Uso hauwezi kuvishwa shati, na kofia haizuii mwanga unaoruka kutoka mchangani au majini. Ndiyo maana kazi ya hospitali ya KCMC, Moshi, ambako mafuta ya Kilisun yanatengenezwa kwa ajili ya ngozi hizi, ni ya kuheshimiwa.

Lakini tupige hesabu. Nguvu ya kinga iliyoandikwa kwenye chupa hupimwa kwa miligramu 2 za mafuta kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi. Kwa mtu mzima, uso, masikio, shingo na mikono kuanzia kiwiko kwenda chini ni kama vijiko viwili vya chai, yaani mililita 10. Akiwa juani anatakiwa arudie kila baada ya saa mbili. Mkulima akipaka mara mbili tu kwa siku, chupa ya mililita 100 inakwisha siku ya tano. Siku ya tano! Kama amepewa ya kumtosha mwezi, na nyumbani kuna watoto wawili wenye hali hiyo hiyo, atafanya ambacho mzazi yeyote angefanya: atapaka kidogo kidogo. Kinga inashuka, naye analima hadi saa saba mchana akiamini amejikinga. Shati la mikono mirefu na kofia yenye ukingo mpana pande zote havipungui nguvu kufikia Ijumaa. Kapelo haitoshi, maana masikio na shingo vinabaki nje.

Tena mafuta hayakagui ngozi. Dalili ya awali ya saratani mara nyingi huguswa kabla ya kuonekana: muuguzi anapitisha kidole nyuma ya sikio na kukuta pakavu, panakwaruza kama msasa. Hapo panapuliziwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali, kwa sekunde chache, panakuwa peupe kwa barafu, panawasha, baadaye gamba linadondoka. Mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Doa hilo likiachwa, linaweza kugeuka kidonda kisichopona, kisha uvimbe unaofika kwenye tezi za shingo. Hapo ni safari ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, upasuaji na mionzi, na wengine hufika wakiwa wamechelewa mno.

Uoni hafifu, unaoambatana na ualbino, unafanya iwe vigumu kwa mtu kuona doa dogo kwenye ngozi yake mwenyewe, sembuse nyuma ya sikio. Kwa hiyo mafuta yaendelee, hasa ya uso na midomo. Ila shilingi ya kwanza ningeiweka kwenye nauli ya kwenda kliniki kila miezi sita, na kwenye sare za shule zenye mikono mirefu, pamoja na ruhusa ya mtoto kuvaa kofia hata mstarini asubuhi.