Pesa Tunazotuma Nyumbani Zinampita Nani?

Huku ughaibuni, anayesafisha ofisi usiku yuko karibu na ngazi ya chini kabisa ya mishahara. Akituma dola 200 kila mwezi, kaya yake kijijini inaweza kuwapita majirani wengi. Ndiyo maana haitoshi kusema pesa zetu zinapunguza umaskini. Tuulize pia ni nani aliyeweza kuondoka.

Anayetangulia mara nyingi si fukara. Pasipoti, viza, nauli na malipo ya wakala vinataka akiba, au shamba la kuweka rehani. Kwa hiyo miaka ya mwanzo pesa huingia kwenye nyumba zilizokuwa na nafuu, na pengo la kipato linapanuka. Wakishakuwa wengi huku, waliotangulia huwapokea wageni, huwakopesha nauli na kuwaelekeza kazi zilipo, hata mtoto wa asiye na kitu akaweza kusafiri. Mwaka 1986 wachumi Oded Stark, J. Edward Taylor na Shlomo Yitzhaki walilinganisha vijiji viwili vya Meksiko na kuonyesha kwamba athari ya pesa hizi inategemea jinsi nafasi ya kuhama ilivyoenea miongoni mwa kaya.

Wapo wanaopima kwa kutoa pesa za nje kwenye mapato ya kaya, kisha wanalinganisha kipimo cha Gini, yaani namba inayoonyesha ukubwa wa pengo la kipato, kabla na baada ya kuzitoa. Hilo ni kosa, maana aliyeondoka anahesabiwa kana kwamba angebaki asingepata hata senti. Lazima ukadirie angeingiza nini nyumbani.

Halafu kuna makato. Tuseme ada ni dola 5, na kwenye kubadilisha fedha zinapotea asilimia 3. Ukituma 200 kwa mkupuo, unakatwa 11. Ukituma 50 mara nne, zinakwenda 26. Mwenye kipato cha kubahatisha ndiye anayetuma kidogo kidogo, kwa hiyo ndiye anayekatwa zaidi. Umoja wa Mataifa umelenga gharama hii ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030, nami naona ni haki iliyochelewa.

Linaloniuma zaidi ni ardhi. Tukigombania viwanja kwa pesa za nje, bei inapanda hata kwa kaya isiyo na mtu wa kuitumia chochote. Ni kweli fundi na kibarua hupata kazi tunapojenga, lakini ujira wao hukoma nyumba ikishaezekwa, na kiwanja walichokuwa wakikiwekea akiba kimeshapanda bei.