Suruali ya porini ipimwe kwa mwiba

Jumamosi iliyopita nilimpokea mpwa wangu stendi ya Nanenane, hapa Dodoma. Wiki tatu alikuwa kusini ya Manyoni, upande wa vichaka vya Itigi, kwenye kambi ya uwindaji, msaidizi wa mfuata nyayo, kazi yake ya kwanza ya maana tangu amalize kidato cha nne. Alishuka kwenye basi anachechemea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mguu una nini?"

"Miiba tu, mjomba."

Miiba tu! Tulipofika nyumbani nilimwambia avae msuli nimwone. Mapaja yote mawili, kuanzia juu ya goti hadi karibu na nyonga, yalikuwa mistari kwa mistari kama gogo la muuza nyama. Goti la kulia limevimba hadi linang'aa. Zahanati muuguzi alilifungua kidogo, akachomoa ncha ya mwiba wa mgunga isiyozidi punje ya mchele. Ilikuwa mle ndani siku tisa. Akampiga na sindano ya pepopunda. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, suruali yake mkononi, na kusema kweli machozi yalinilenga.

Suruali yenyewe aliinunua hapa hapa mjini, shilingi elfu 85, muuzaji akamwapia kwamba ndiyo wanayovaa wawindaji wa Ulaya. Mifuko minane. Zipu magotini, ukitaka inageuka kaputula. Kitambaa chepesi kama cha mwavuli, kinateleza vizuri mkononi, na hapo ndipo uzuri wake unapoishia. Mguu mmoja ulikuwa umeng'oka kwenye zipu, mifuko ya pembeni imebaki vipande. Mtu anayeuza kitambaa hicho kwa jina la nguo ya kuwindia, tena kwa kijana aliyemwambia anakwenda Itigi, amemdhulumu. Sina neno laini zaidi ya hilo.

Aliyewahi kuingia vichaka vya Itigi anajua kwamba mle hakuna kuzunguka. Mnyama amepita katikati, nawe unapita katikati. Na miiba haifanani. Mgunga una aina mbili kwenye tawi moja: mirefu, myeupe, iliyonyooka kama sindano ya magunia, na mifupi iliyopinda kama ndoana. Mrefu unatoboa. Uliopinda unashika, na ukivuta mguu ndipo unapochana. Kikwata chenyewe ni ndoana tupu, mbili mbili, kuanzia shina hadi ncha ya tawi. Mkulagembe kila kitawi chake cha pembeni kinaishia kwenye mwiba, na jina lake linakwambia mti huo umeyafanya nini majembe ya wazee wetu.

Kwa hiyo kitambaa kina kazi mbili. Kiwe kimefumwa kwa kubana sana, ndoana ikose uzi wa kushika. Na kiwe kinene, ule mrefu uishiwe nguvu kabla ya kufika kwenye ngozi. Pamba nzito ya drili au turubai inafanya kazi zote mbili, ile ya gramu 300 hadi 400 kwa mita moja ya mraba, uzito wa jinzi nzuri. Sokoni hakuna mwenye mizani ya hivyo, basi mimi nina kiberiti. Ndani yake kuna miiba mitatu, miwili iliyonyooka na mmoja wa ndoana. Nikifika kwenye mitumba ya Sabasaba, kwanza nainua nguo juani. Nikiona vitundu vya mwanga, naiacha. Halafu nakilaza kitambaa kwenye kiganja na kuusukuma mwiba polepole hadi niusikie. Mwisho naburuta ndoana kwa kuilaza. Ikinyanyua uzi, narudisha nguo. Kuna mama mmoja pale ambaye siku hizi ananiita mwenyewe: "Pima baba, ikitoboka usichukue." Biashara yake ni ya mitumba, na uaminifu wake unalizidi duka lenye kiyoyozi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba zipo nailoni ngumu za kweli, haziraruki ovyo na zinakauka haraka, na wakati wa mvua pamba iliyolowa ni mzigo. Lakini msimu unaanza Julai, na Julai huku kwetu mvua haipo. Kilichopo ni majani makavu na ukimya, na nailoni ikikwaruza kwenye tawi digidigi ameshaondoka kabla hujamwona. Cheche moja ya moto wa kambini inaitoboa. Jua la Septemba linakupikia humo ndani.

Ukishapata suruali nzito, hujamaliza, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Paja na goti vinapigwa zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa hiyo mbele iongezwe tabaka la pili, kuanzia chini kidogo ya mfuko hadi chini ya goti. Mpelekee fundi wa maturubai ya malori, siyo fundi wa magauni. Mwambie ashone turubai la pamba, la plastiki asiliguse, kwa sindano namba 18 na uzi mzito, mshono wa kulaza kama wa jinzi. Chini ya kiraka aache uwazi wa vidole viwili ili mbegu za nyasi na mchanga vidondoke, la sivyo utatembea na msasa gotini. Nyuma pabaki tabaka moja, mwili upumue.

Kuna watakaosema jinzi inatosha. Kwa miiba, ndiyo. Lakini bluu inawaita mbung'o. Ile mitego ya vitambaa inayoning'inizwa porini kuwanasa ni ya bluu na nyeusi kwa sababu hiyo hiyo, nawe unaingia umevaa mtego. Chagua khaki, kahawia au kijani kilichofifia. Kombati za mabaka-mabaka achana nazo kabisa; mwaka 2023 Jeshi lilitoa siku saba raia wasalimishe mavazi yanayofanana na sare zake, kwa hiyo hakuna wa kusema hakusikia.

Shati liwe la mikono mirefu, zito vilevile. Sweta la kufuma liache kambini. Viatu, buti ya ngozi yenye soli nene. Makatambuga soli yake haitobolewi kirahisi, nayaheshimu, ila vidole viko nje. Glovu za ngozi za wachomeleaji zinatosha.

Jambo moja limenikaa rohoni. Anayefuata nyayo ndiye anayetangulia. Kichaka anakifungua kwa kifua na mapaja yake, wengine wanapita mahali alipokwisha kupita yeye. Halafu mgeni wa nyuma amevaa turubai kutoka kwao, na yule wa mbele amepewa fulana yenye nembo ya kambi. Zipo kambi zinazotoa sare nzuri, nimeziona kwa macho yangu. Lakini sare nyingi zimeshonwa kwa ajili ya kumpokea mgeni uwanja wa ndege, na hakuna kichaka cha miiba uwanja wa ndege. Suruali niliyoieleza imenigharimu elfu 12 mtumba na elfu 15 kwa fundi. Elfu 27! Uwindaji wa kitalii ni biashara ya dola. Anayeshindwa kumvika hivyo mtu anayemtafutia nyati ameamua tu kutomvika.

Fundi alimaliza Alhamisi. Mpwa wangu aliivaa, akapiga magoti mara tatu, akainuka, kisha bila kuambiwa akaenda hadi kwenye ua wa matawi ya miiba wa zizi la jirani na kutembea akijisugua nao mwanzo hadi mwisho. Nilisikia miiba ikiparuza turubai na kuachia, ikiparuza na kuachia. Aliporudi aliipangusa mbele, akaikagua.

"Mjomba, imeshika mkono wa shati tu."

Shati nalo tulilipeleka kwa fundi jioni ile ile. Jumatatu anarudi kazini.