Kocha atimuliwe au abaki? Hesabu za Sokoine si za Jangwani

Timu ikipoteza mechi tatu mfululizo pale Uwanja wa Sokoine, Mbeya, jukwaa linageuka. Waliokuwa wakimzomea mwamuzi wanahamia kwenye benchi la ufundi, na kabla basi la wageni halijatoka getini, jina la mrithi limeshasambaa mitandaoni. Haziishi siku mbili inatoka taarifa: klabu na kocha wameachana "kwa makubaliano ya pande zote mbili".

Maneno hayo yana hesabu ndani yake. Kocha akiachia ngazi mwenyewe, mara nyingi fidia ndiyo imekwenda. Akitimuliwa, klabu inadaiwa. Ndiyo maana wachache hubwaga manyanga hata timu ikiburuza mkia. Na deni lisipolipwa, hasa la kocha wa kigeni, linaweza kufika FIFA na klabu ikafungiwa kusajili.

Wanaotaka kocha aondoke wana hoja, tena nzito. Novemba 2024 Yanga, klabu ya Jangwani jijini Dar es Salaam, ilimtimua kocha Miguel Gamondi, aliyetoka kuipa ubingwa, baada ya kufungwa na Azam kisha Tabora United. Wengi walishangaa. Msimu ukaisha Yanga ikiwa bingwa tena. Lakini mwaka mmoja kabla, Simba ilipigwa 5-1 na Yanga, na siku mbili baadaye kocha wake Robertinho akaondoka. Akaja Abdelhak Benchikha, naye hakumaliza msimu. Simba ikashika nafasi ya tatu.

Hao wana fedha za kukosea. Huku kwetu mambo ni mengine. Mbeya City ilipanda 2013 ikiwa timu ya halmashauri ya jiji, na chini ya Juma Mwambusi ikamaliza ya tatu katika msimu wake wa kwanza. Msimu uliofuata iliyumba, Mwambusi akabaki, ikaishia ya nne. Alipokwenda Yanga kuwa msaidizi wa Hans van Pluijm, Mbeya City ikapitia mikono mingi, wakiwemo Kinnah Phiri wa Malawi na Mathias Lule wa Uganda, hadi 2023 ilipotolewa na Mashujaa ya Kigoma kwenye mchujo na kushuka daraja.

Sisemi kubadili makocha ndiko kulikoishusha. Tanzania Prisons, majirani wa uwanja huohuo, nao wamebadili makocha mara kadhaa katika miaka hiyo na hawakushuka. Tofauti naiona kwingine: Prisons ina Jeshi la Magereza nyuma yake, na baadhi ya wachezaji wake ni askari wenye mshahara wa serikali. Mchezaji anayejua mwisho wa mwezi kuna kitu hamtegemei sana kocha kumtia moyo.

Kwa hiyo mimi namwangalia nani kasajili. Kocha aliyechagua kikosi mwenyewe, akapoteza imani ya wachezaji, aende, na aende kabla ya dirisha dogo, ule usajili wa katikati ya msimu, ili anayekuja apate walau wachezaji wawili wake. Kumtimua raundi ya 25 kati ya 30 ni kumkabidhi msaidizi lawama: mazoezi yaleyale, kikosi kilekile, safari ileile ya zaidi ya kilomita 800 kwa basi hadi Dar es Salaam.

Ila kikosi kikiwa kimeletwa na kamati ya usajili, kocha akakikuta kambini, taarifa ya kuachana naye huwa haitaji jina la kamati hiyo hata kwa mstari mmoja. Ligi ikiisha inakutana tena, watu walewale, kujadili majina ya wachezaji wapya.