Daito-ryu: silsila ya miaka 900 au kazi ya mtu mmoja?

Mbinu ya kwanza ambayo wanafunzi wengi wa Daito-ryu aiki-jujutsu, sanaa ya Kijapani ya kupigana mikono mitupu, hufundishwa ni ippondori. Mshambuliaji anashusha ukingo wa kiganja utosini kwa mwenzake kama anayekata kwa upanga. Mwenzake hasubiri. Anajitosa mbele, anaudaka mkono ungali juu, ngumi yake inatua mbavuni, kisha anakisukuma kiwiko mpaka yule bwana analala kifudifudi. Waliopita kwenye aikido wataitambua papo hapo: ni ikkyo, mbinu ya kwanza kwao pia, ila wao ile ngumi mara nyingi huiacha.

Kufanana huko kuna sababu. Morihei Ueshiba, mwasisi wa aikido, alikutana na Takeda Sokaku, mwalimu wa Daito-ryu, huko Engaru, katika kisiwa cha Hokkaido kaskazini mwa Japani, mwaka 1915, akawa mwanafunzi wake. Hilo halina ubishi. Ubishi ni Takeda mwenyewe (1859–1943) aliitoa wapi elimu hiyo.

Wenyewe wa Daito-ryu wanasimulia kwamba chanzo ni Minamoto no Yoshimitsu, shujaa wa karne ya 11, aliyepasua maiti ili aone viungo vinavyofanya kazi. Kutoka kwake ikashuka katika ukoo wa Takeda wa jimbo la Kai, ikahamia eneo la Aizu, ikafichwa ndani ya ngome kama siri ya wakubwa, hadi Saigo Tanomo, mmoja wa vigogo wa utawala wa Aizu, alipomkabidhi Sokaku.

Wanaotilia shaka wanauliza swali moja tu: hati iko wapi? Ya kabla ya Sokaku inayoitaja Daito-ryu haijaonekana. Upanga wa shule ya Ono-ha Itto-ryu Sokaku aliusomea kweli, na mkono wa mpiga upanga unaonekana wazi katika ippondori. Zaidi ya hapo ni masimulizi. Tena ni rahisi kuelewa kwa nini mtu wa Aizu, eneo lililoshindwa vitani mwaka 1868, angependa nasaba ndefu.

Watetezi wana majibu mawili. La kwanza, kwamba siri haiandikwi, silikubali hata kidogo: kwa hoja hiyo kila mtu anaweza kujitungia babu. La pili lina uzito. Mbinu 118 za ngazi ya kwanza pekee, zikiwa na mantiki moja toka mwanzo hadi mwisho, si kitu cha kubuni usiku mmoja. Lakini hata hapo, Kano Jigoro aliiunda judo mwaka 1882 kutokana na shule mbili za jujutsu, Kito-ryu na Tenjin Shin'yo-ryu, na hakuficha. Mtu mmoja mwenye kipaji anaweza kuunda mfumo mzima. Tofauti ni kwamba Kano alisema hivyo.

Kwa hiyo kuhusu karne zile nane za mwanzo niko upande wa wenye shaka. Ila kuanzia Sokaku mambo yanageuka, na hapa wenye shaka huwa wanapita haraka mno. Mzee huyu, aliyekuwa mfupi na asiyetulia mahali pamoja, alizunguka Japani akiwa na madaftari mawili: moja la majina na mihuri ya wanafunzi, jingine la ada walizolipa. Silsila yenye risiti! Shule nyingi kongwe hazina ushahidi wa namna hiyo.

Na bado daftari halikuzuia mpasuko. Hisa Takuma wa Osaka, mwanafunzi wa Sokaku, alipewa menkyo kaiden, yaani ijaza kamili, mwaka 1939. Horikawa Kodo, mwanafunzi mwingine, alikuwa na tawi lake Hokkaido. Kila mmoja alifundisha alichofundishwa, na Sokaku hakuwafundisha wote kitu kilekile. Tokimune, mwana wa Sokaku, alipofariki mwaka 1993, kila tawi likaendelea na njia yake.

Ni Tokimune huyohuyo aliyezipanga zile mbinu 118 katika mafungu na kuzipa majina yanayotumika leo. Ippondori ikiwemo.