Wenye Basi, Teremkeni

Nilikuwa safarini kwa basi la usiku, sweta langu nimelilaza magotini, nikisoma habari za ujamaa kwa tochi ya simu, ndipo jirani yangu wa kiti, mzee mwenye sauti ya mhutubu, aliponiuliza ninasoma nini. Nilipomjibu, alilichukua sweta kwa utulivu, akalivaa, akafunga vifungo vyote vitano, kisha akasema, "Vizuri sana, mwanangu. Kumbe sisi ni jamaa."

Sikumlaumu sana. Neno lenyewe lina mtego: Julius Nyerere alipoufafanua ujamaa mwaka 1962 aliuegemeza kwenye undugu wa familia, na kila mwenye familia anajua sweta zake huishia wapi. Nilimweleza kwa upole kwamba Marx na Engels, waandishi wa Ilani ya Kikomunisti, walikwisha kuliweka wazi jambo hilo mwaka 1848: kinachokusudiwa kufutwa ni umiliki wa kibepari, wala si umiliki wa kila kitu, sweta ni kitu cha matumizi ya mtu binafsi, ilhali kinachopaswa kuwa mikononi mwa umma ni nyenzo za uzalishaji mali, kama vile viwanda na mitambo, ambazo humwezesha mmoja kuvuna jasho la wengi.

Mzee alitafakari huku akipapasa kola. "Na basi hili?"

Hapo ningenyamaza. Lakini mtu aliyekatizwa maneno miaka mingi, akipata msikilizaji, hanyamazi. Nikatangaza, kwa sauti iliyofika kiti cha nyuma, kwamba basi linalobeba watu kwa faida ni nyenzo kamili ya uzalishaji, na kwa haki lingekuwa letu sote. Konda alipopita kudai nauli kwa waliopandia njiani, watatu walimjibu kwamba hawawezi kulipia mali yao wenyewe, wakaninyoshea kidole kama wakili wao. Nilijitetea kwamba mali ya umma si kitu cha bure, na kwamba hata katiba ya Kisovieti ya mwaka 1936 iliagiza kila mtu atoe kwa uwezo wake na apate kwa kadiri ya kazi yake. Konda alinisikiliza kwa umakini ambao ulipaswa kunitia shaka.

Kabla ya alfajiri gurudumu la nyuma lilizama topeni. Konda aliwasha taa zote, akasimama mlangoni, akatangaza kwa adabu, "Wenye basi, teremkeni msukume. Kila mtu kwa uwezo wake."

Mimi, mleta hoja, nilipangiwa gurudumu lenyewe. Dereva alipokanyaga mafuta, tope lilinivaa kuanzia kidevuni hadi mifukoni, na lililoingia kinywani nililitema bila kukatiza maelezo niliyokuwa nikimpa msukumaji mwenzangu kuhusu tofauti ya umma na serikali. Nilipoinua macho nilimwona mzee dirishani, sweta limefungwa hadi shingoni. Nilimwuliza mbona hasukumi.

Alifungua kioo kiasi cha kupitisha sauti tu. "Nililipa nauli, mwanangu. Mimi ni abiria."